Bili ya Kilio

Wapo watu wanaoutambua msiba kwa kilio. Chozi aliutambua kwa viti.

Asubuhi hiyo alikuwa kwa kinyozi, kidevu kimejaa povu, mkokoteni wa viti vya kukodi ulipopita barabarani. Hakushtuka. Mkokoteni mmoja ni kikao cha ukoo, au majirani wanataka kugombania mpaka wa kiwanja wakiwa wameketi vizuri. Ukapita wa pili. Chozi akafumbua jicho moja. Ulipopita wa tatu, na nyuma yake wanawake wakienda kwa ile hatua ya kuburuta viatu, alimshika kinyozi mkono.

"Inatosha, kaka. Kazi imeniita."

"Na upande wa pili?"

"Mfiwa hapendezi pande zote mbili."

Akalipa nusu kwa kuwa alikuwa amenyolewa nusu, akatoa koti jeusi kwenye mfuko wake, akaifuata mikokoteni. Viti, alijua, havidanganyi. Watu wanaweza kukuambia marehemu alipendwa na dunia nzima, lakini mwenye kukodi viti hulipia kila kitako, na hakuna familia inayolipia vitako isivyovitarajia. Mikokoteni mitatu ilikuwa familia yenye uwezo.

Kazi ya Chozi ilikuwa kulia. Si kulia kama tuliavyo mimi na wewe tunapofikwa, bila maandalizi, kamasi na machozi vikishindana kipi kitangulie. Chozi alilia kwa utaratibu. Hakualikwa na mtu, wala hakuwahi kupatana bei na mtu. Alifika, akalia, akasimama akamsifu marehemu mpaka wenye marehemu wakajiuliza kama anayezungumzwa ni huyo huyo wao, na palipohitajika alizirai. Kisha, vumbi la kaburini likishatulia, alirudi kwa wafiwa na karatasi iliyopigwa chapa vizuri: kulia kwa sauti, kulia kwa kwikwi, hotuba, kuzirai. Chini kabisa, jumla.

Wengi walilipa. Nani anataka kubishana mlangoni na mtu mwenye koti jeusi, wageni bado wamejaa ndani na majirani wametega masikio? Walimlipa harakaharaka, kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa asibweke mbele ya wakwe. Wachache waliojikaza kusema, "Mbona hatukuandikiana?" aliwajibu kwa upole mkubwa: "Mvua ilipokunyeshea shamba, mliandikiana na mawingu? Lakini si ulivuna?" Na mfiwa, akiwa hana usingizi wala nguvu ya kutafuta jibu, alitia mkono mfukoni.

Mikokoteni ilimfikisha kwenye mtaa wa mafundi, mbele ya nyumba ndogo yenye kibaraza. Juu ya mlango pamechorwa suruali na gauni vimeshikana mikono. Nyumba yenyewe haikuwa ya tajiri, na hapo Chozi alisita kidogo. Lakini watu! Walikuwa wamejaa uani, wamemwagika mpaka barabarani. Na hawakuwa kama waombolezaji aliowazoea, wale wanaozungumza mpira na bei ya vitu hadi jeneza litoke. Hawa walikuwa wameketi kimya, wote wameelekeza macho mahali pamoja, kwenye mlango wa karakana ya marehemu. Jibaba moja la kifua kipana, muuza nyama kwa harufu yake, lilikuwa likitikisa kichwa na kujipapasa paja. Mzee mwenye miwani, kwa kila dalili mwalimu aliyestaafu, alikuwa amejishika kola. Chozi aliguswa. Tangu aanze kazi hakuwa ameona huzuni iliyokusanya akili kiasi kile.

Akajisogeza kwa mama mmoja aliyekuwa akijipepea na kipande cha boksi.

"Pole, dada. Kweli mti mkubwa umeanguka."

"Pole na wewe, kaka. Ndiyo hivyo, Fundi Kesho ametutoka."

Chozi alilipokea jina hilo kama zawadi. "Kesho," alisema polepole. "Mtu wa matumaini."

Yule mama aliacha kujipepea akamtazama. "Matumaini tulikuwa nayo sana," alisema, akajifuta jicho. "Binti yangu anaolewa mwezi ujao."

"Na marehemu hatakuwepo kuiona siku hiyo."

"Si ndiyo hapo sasa, kaka yangu. Si ndiyo hapo."

Basi akayahifadhi hayo: fundi cherehani, kipenzi cha watu, matumaini, bibi harusi. Kwa mtaalamu, hiyo ni hotuba nzima na chenji inabaki. Waliporudi kutoka makaburini na watu wakashika viti vyao, Chozi alianza. Alianza chini, kwa kifua, akapanda taratibu, akafika kwenye kwikwi, akazirai pembeni palipotandikwa mkeka. Alipozinduliwa kwa maji akasimama, akiwa ameshikwa mikono huku na huku, akasema:

"Ndugu zangu, mimi na fundi tulikuwa chanda na pete. Mlimjua kwa sindano yake, mimi nilimjua kwa moyo wake. Ndugu yangu aliamini kesho!"

Uani kote kukapita mguno mzito. Hakuwahi kupata mguno wa namna ile kwa neno moja, na hilo ndilo lililomponza, maana msemaji akishangiliwa akili huwa ya kwanza kuondoka mkutanoni. Akapanda zaidi.

"Wangapi hapa aliwaambia njooni kesho? Kesho hiyo ameiacha mikononi mwangu. Mfuko wake ulikuwa mfuko wangu, na deni lake ni deni langu. Yeyote anayemdai ndugu yangu, iwe uzi, iwe kifungo, asimguse mjane huyu. Anijie mimi."

Viti vikasogezwa mbele.

"Samahani," alisema mwalimu mstaafu, kidole juu. "Hapo mwisho. Rudia tafadhali."

Chozi, kwa hisani, akarudia, na safari hii kwa sauti iliyovuka uzio. Mjane, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameketi mkekani na macho makavu kama mtu anayesubiri zamu yake, aliinua uso kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri, kuanzia viatu mpaka ule upande wa shavu usionyolewa.

Siku chache baadaye Chozi alirudi na karatasi yake. Alishangaa kukuta viti bado viko pale, na watu bado wako juu yake. "Huyu fundi alipendwa kupita kiasi," aliwaza, akawapita akiwapa pole. Walimwitikia kwa bashasha ambayo mtu mwingine angeishtukia.

Mjane alikuwa ndani ya karakana. Palikuwa chumba kidogo chenye cherehani ya miguu karibu na dirisha, na kila mahali pengine palining'inia nguo ambazo hazijamalizika. Koti lisilo na mkono wa kulia. Suruali zenye miguu iliyoshikizwa kwa pini. Gauni jeupe, kubwa, lisilo na mgongo.

"Karibu, shemeji," alisema.

"Ahsante, mama. Pole tena."

"Usiniite mama. Umesema mbele za watu wewe ni ndugu wa mume wangu. Mimi shemeji yako." Akapokea karatasi, akaisoma yote bila haraka, akaufuata kila mstari kwa kidole chenye kastabini ya kushonea. "Kulia kwa sauti, nimekubali, nilisikia. Kwikwi, sawa. Kuzirai mara moja. Hapo nilikuona. Kabla ya kuanguka uligeuka kutafuta mkeka uko wapi."

"Ndiyo utaalamu wenyewe, shemeji. Asiyejua huanguka kwenye jiwe, misiba ikawa miwili."

"Lakini hatukuandikiana."

Chozi alitabasamu. Hapo ndipo alipopapenda. "Shemeji, kuandikiana ni kwa watu wasioaminiana. Nililia, mkanyamaza. Nilisema, mkasikia. Kilichosemwa mbele za watu, wakakipokea, hakihitaji saini. Mvua ilipokunyeshea shamba..."

"Sina shamba, na fedha sina. Nina hiyo tu." Akaielekezea kidevu cherehani.

Ilikuwa cherehani ya zamani, ya chuma kizito, maua yake ya dhahabu yamefutika mahali mkono wa fundi ulipozoea kupita. Chozi alimjua mtu ambaye angeinunua bila kuuliza imetoka wapi. Akameza mate kwa staha.

"Sipendi kumwachia mfiwa mikono mitupu," alisema. "Lakini kwa kuwa ni shemeji, nitaichukua."

"Haya. Ila nisaidie jambo moja, wasije wakasema nimekudhulumu. Hilo la kutohitaji saini, waeleze watu hapo nje. Wewe una sauti."

Mtu akiombwa kufanya kile anachokijua kuliko vyote, huwa hakumbuki kuuliza kwa nini. Chozi alitoka kibarazani, akashika mlango kwa mkono mmoja kama wakili, akawaeleza. Akawapa neno, akawapa mashahidi, akawapa mvua na mawingu. Watu walisikiliza kwa makini hadi mwisho. Kisha yule muuza nyama akasimama.

"Kwa hiyo neno lako ni kifungo."

"Kifungo cha chuma, mzee wangu."

"Vizuri. Suruali yangu."

"Suruali?"

"Nilimpa fundi kitambaa mwanangu wa mwisho akiwa bado hajaota jino. Sasa ananiuliza maswali ya dunia. Kila nikija, naambiwa kesho. Wewe umesema tukujie wewe. Nimekujia."

"Na koti langu," alisema mwalimu. "Lilikuwa la siku ya kustaafu. Nimestaafu na shati."

"Na gauni la binti yangu," alisema yule mama mwenye kipande cha boksi.

Wakasimama wote. Chozi alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagota mlango, na mlango ukagota kitu laini kilichokuwa mjane, ambaye hakuonyesha dalili ya kusogea.

"Jamani, ngojeni," alisema. "Mimi sikusaini popote."

Ule uwanja ulicheka, cheko refu la watu waliokuwa na hamu nalo kwa siku nyingi. Hata mwenye viti vile vya kukodi alicheka, akitaja suti yake, na hapo Chozi akajua kwamba viti vile havikukodiwa na mtu. Mwenye viti alikuwa na suti yake humo ndani, akavileta vyote ili asubiri akiwa ameketi, pamoja na wenzake.

Ndani, mlango ukiwa umefungwa, mjane alimweleza kwa sauti ndogo, mikono yake ikikunja kitambaa.

"Walikuwa wamekubaliana, shemeji. Wiki ikiisha nguo hazijatoka, wanachukua cherehani, wanaiuza, wanagawana. Siwalaumu. Lakini mimi nimekaa kando ya mume wangu miaka yote natoboa matundu ya vifungo na kuwapindia nguo, kazi naijua. Wakiichukua, nitakwenda kuketi kwa kaka zangu nisubiri kuhurumiwa. Nipe muda nizimalize. Siku ya mwisho, mtu wa mwisho akitoka na nguo yake, cherehani ni yako, nitakubebea mwenyewe mpaka kona. Kazi yako ni kuketi hapo mlangoni na kusema."

"Kusema nini?"

"Chochote. Wewe si mtu wa maneno?"

Chozi alipiga hesabu. Kutoka mbele haikuwezekana, duka la muuza nyama lilikuwa ng'ambo ya barabara na mwenyewe alikuwa akinoa kisu bila kukitazama. Na cherehani ilikuwa na uzito mzuri. Akakubali. Hawakuandikiana.

Ndivyo mtu aliyezoea kulia kwa sauti alivyojikuta ameketi kibarazani, futi ya kupimia imening'inia shingoni, akituliza watu. Na alikuwa hodari, lazima nimpe haki yake. Mwalimu akija, Chozi alimwambia koti limefika kwenye kola, na kola ndiyo uso wa koti, je, mwalimu anataka uso uharakishwe? Mwalimu aliondoka amenyooka. Muuza nyama akija, alimpima upya kiuno, akamwambia kwa huzuni kwamba mafanikio yamemfika tumboni, kwa hiyo lazima waongeze. Muuza nyama alirudi dukani akijishika tumbo kwa fahari. Nyuma ya pazia cherehani ilikimbia kutwa nzima, na nguo moja moja zikaanza kutoka zikiwa na mikono yote miwili.

Wakati wa chakula walikula pamoja, yeye na mjane, sahani moja katikati ya vipande vya nguo.

"Hivi fundi alikuwa mvivu?" aliuliza Chozi siku moja.

"Ndugu yako? Si unamjua moyo wake?"

"Shemeji, acha hizo."

Mjane alicheka. "Hakuwa mvivu. Alikuwa hajui kusema hapana. Mtu anakuja na kitambaa, ameshakikunja vizuri, ameshajiona amekivaa. Alikuwa ananiambia, mama watoto, utamkatalia vipi mtu aliyefurahi? Basi anapokea. Tazama." Akageuza pindo la suruali ya mtoto wa shule. Ndani kulikuwa na kitambaa kingi kimekunjwa, kingetosha kuirefusha kwa miaka. "Hii hakuambiwa aweke, na hakudai nyongeza. Anasema mtoto hakui kwa ridhaa ya baba yake."

Chozi aliishika ile suruali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakumbuka yeye ni nani, na kesho yake akaamua kutoroka.

Ilikuwa saa sita mchana. Mjane alikuwa amekwenda kununua uzi, na muuza nyama alikuwa amezungukwa na wateja. Chozi akafungua skrubu, akakitoa kichwa cha cherehani kwenye meza yake, akakifunga kwa shuka, akapita mlango wa nyuma. Alitembea vizuri mpaka njia panda.

"Ndugu wa fundi," sauti ilimwita. Ni mama wa bibi harusi. "Hicho si kichwa cha cherehani?"

"Ndicho. Kinapiga kelele kidogo."

"Basi huko unakokwenda unapotea. Fundi wa mashine yuko huku." Akamshika mkono. Kufumba na kufumbua wakajitokeza wengine, maana hakukuwa na kichochoro mtaani pale kisicho na mtu anayedai nguo: mwenye viti akaushika mzigo upande mmoja, kijana mmoja aliyekuwa akidai shati akaushika wa pili. Chozi akaenda katikati yao, bila mzigo, kama mkubwa fulani anayesindikizwa.

Fundi wa mashine alikuwa mtu mkimya mwenye mafuta hadi viwikoni. Chozi alipokuwa bado anatafuta la kusema, kichwa cha cherehani kilikuwa kimeshafunguliwa, kimefutwa, kimetiwa mafuta, kimebadilishwa springi na kimefungwa upya. Kisha akataja bei.

"Sikukuomba ukifungue," alisema Chozi.

"Umekiweka mezani kwangu," alijibu yule fundi. "Nikashika bisibisi, ukanyamaza. Nikaizungusha, ukanyamaza. Ungekuwa hutaki, ungesema."

Chozi alimtazama mtu yule kwa heshima ya mwenye fani aliyekutana na mwenzake ugenini. Watu walikuwa wanangoja. Akatia mkono mfukoni, kwenye akiba ya misiba mitatu iliyopita, akalipa.

Mjane aliporudi na uzi, alikuta cherehani iko mahali pake, inang'aa. Alilizungusha gurudumu kwa kidole kimoja, nalo likaenda bila sauti. Alitazama skrubu, akatazama shuka, akamtazama Chozi.

"Umeipeleka kutiwa mafuta?"

"Ndiyo."

"Hukutumwa, shemeji."

"Ndiyo."

"Ahsante," alisema mjane, akaketi, akaendelea na gauni.

Nguo zilikwisha. Muuza nyama alichukua suruali yake, akaivaa pale pale juu ya nyingine. Mwenye viti alichukua suti, na baada ya suti alichukua viti, na uwanja ukaonekana mkubwa ghafla. Gauni jeupe lilitoka likiwa na mgongo, limebebwa na shangazi wawili wasioruhusu liguse ardhi. Wa mwisho alikuwa mwalimu. Alijitazama kwenye kioo ndani ya koti lake, akavuta kola, akasema, "Alijua kukata, marehemu," akatoka.

Wakabaki wawili. Chozi alikohoa.

"Shemeji. Kuhusu ile bili."

"Neno ni neno," alisema mjane. "Ichukue." Akaanza kuisafisha. Akachomoa sindano, akatoa kidroo cha vifungo, akaondoa kile kimto cha kitambaa ambacho mumewe alikuwa akikikalia, kimebonyea katikati. Akabaki amekishika. "Ila nina ombi moja kabla hujaondoka nayo. Si la fedha."

"Sema."

"Siku ile ya mazishi nilikuwa nimejiandaa kulia. Nilikuwa najisemea, tukirudi tu makaburini, nitakaa pale nimlilie mume wangu. Basi ukaanza wewe. Ukalia vizuri sana, shemeji, sikutanii. Watu wote wakakutazama, na mimi nikakutazama. Nikasema ngoja amalize. Ulipomaliza, wakaja wenye suruali. Tangu hapo ni pindo na vifungo tu, sijapata nafasi." Alisema hivyo bila kumlaumu, kama anayeeleza kwa nini hakufika mahali. "Nipe nafasi yangu mara moja, hapa hapa, akiwa bado yupo kidogo. Nikimaliza utaibeba."

Chozi akatoka, akaufunga mlango, akaketi kizingitini.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha kikaanza, na Chozi, kwa mazoea, akakisikiliza kwa sikio la kazi. Kilikuwa kilio kibaya. Hakikupanda kwa ngazi, kilikatika mahali pasipostahili, kwikwi zilikuja zote pamoja zikagongana mlangoni. Mara kilisimama kabisa, mjane akapenga kamasi, akasema kitu cha kawaida kabisa, kama, "Na wewe ulikuwa umeambiwa usiinyanyue ile pasi nzito ya mkaa na kifua chako kile," kisha kikarudi upya. Kwa kilio kama kile Chozi asingethubutu kumdai mtu hata nauli. Na bado vinyweleo vya mikono yake vilikuwa vimesimama, vyote.

Mwanamke mmoja alikuja na kitambaa kimekunjwa vizuri chini ya kwapa.

"Fundi yupo?"

"Hapokei mtu sasa hivi, dada," alisema Chozi. "Njoo kesho."

"Kuna nini?"

"Ana mazungumzo na mumewe."

Mwanamke alisikiliza, akainamisha kichwa, akaondoka kwa miguu ya kunyata. Chozi akatoa ile karatasi yenye chapa nzuri. Akaisoma. Kulia kwa sauti. Kulia kwa kwikwi. Akaikunja, akaikunja tena mpaka ikawa haikunjiki, akaisukuma kwenye ufa wa kibaraza, akasimama. Futi ya kupimia akaitundika kwenye kitasa. Hakugonga mlango kuaga, kwa kuwa kugonga kungemkatiza mwenye kilio chake.

Alipovuka barabara, muuza nyama alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake, suruali mpya imemkaa kama aliyezaliwa nayo.

"Naona umetoka mikono mitupu," alisema. "Leo si ndiyo siku ya kubeba?"

"Ni nzito."

"Cherehani?"

Kabla Chozi hajajibu, sauti ikavuka barabara. Ilikuwa ni ya miguu ikikanyaga, na sindano ikikimbia, laini, bila kelele hata kidogo, kama mashine iliyotiwa mafuta vizuri kwa gharama ya mtu.

Chozi aligeuka, akatazama mlango aliotoka sasa hivi. Ndilo tatizo la mtu aliyelia maisha yake yote kwa bei: kilio cha kweli kikimpita karibu, hana pa kukipimia. Machozi aliyasikia mwenyewe, nyuma ya ubao wa mlango mmoja. Na cherehani nayo aliisikia, imeanza upesi kiasi hicho.

"Hivi, mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, "yule mjane alikuwa analia kweli?"

Muuza nyama aliweka kisu mezani, akajifuta mikono, akaangalia kwanza asichafue suruali.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Mimi nauza nyama."